Wiki moja ya pikipiki Omani haipimwi kwa kilomita

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nimjibu msomaji wa Dar es Salaam ambaye barua yake mliichapisha wiki iliyopita. Alieleza kwamba yeye na wenzake watatu wamekusudia kuja huku Omani mwezi wa Julai, wakodi pikipiki mjini Maskati, wafuate pwani hadi Salalah, huko kusini kabisa, kisha warejee kwa njia ya jangwani, na yote hayo yawe yamekwisha kwa siku saba. Safari nzima aliikadiria kuwa na kilomita 2,200 na ushei, akazigawa kwa saba, akapata kama kilomita 315 kwa siku, na akamalizia kwa kusema kwamba huo ni umbali mdogo kuliko ule wa Dar es Salaam hadi Dodoma, ambao mtu akiondoka alfajiri huumaliza kabla ya alasiri.

Hesabu yake ni sahihi, na barabara za Omani ni nzuri pengine kuliko anavyozitazamia. Mimi ni mtu wa Unguja, nimekaa Maskati zaidi ya miaka ishirini, na karibu kila majira ya baridi huzunguka nchi hii kwa pikipiki pamoja na jamaa zangu, kwa hiyo sisemi kwamba safari hiyo haiwezekani. Ninachosema ni kwamba kilomita si kipimo cha kupangia safari ya huku. Siku ya mpanda pikipiki hupimwa kwa saa za mwanga zisizochoma na kwa petroli iliyomo tangini, na atakayevipuuza vipimo hivyo huenda akafika Salalah salama, lakini hatakuwa ameliona jangwa wala pwani. Atakuwa ameiona lami.

Nianze na mwezi waliouchagua, kwa sababu hapo ndipo penye hatari. Naelewa kwa nini wameupenda Julai. Ndio wakati wa khareef, yaani manyunyu na ukungu unaoigeuza milima ya Dhofar, mkoa iliko Salalah, kuwa ya kijani kuanzia mwishoni mwa Juni hadi Septemba, na picha zake zimeenea kila mahali. Lakini neema hiyo imeshukia kipande kidogo tu cha nchi, na kabla ya kuufikia ukungu huo kuna takriban kilomita elfu moja za nchi kavu ambako joto la mchana wa Julai huweza kupita nyuzi 45. Mwishoni mwa Juni 2018, katika mji wa pwani wa Quriyat, ambao ungekuwa mji wao wa kwanza baada ya kuiacha Maskati, joto halikushuka chini ya nyuzi 42.6 kwa saa ishirini na nne mfululizo, usiku ukiwemo, na haikuwahi kurekodiwa duniani siku ambayo kiwango chake cha chini kabisa kilikuwa juu namna ile.

Mtu aliyezoea kuendesha pikipiki Dar es Salaam anajua kwamba akisikia joto hufungua zipu ya jaketi, upepo ukampoza. Hewa ikishakuwa na joto kuliko mwili wake, upepo huo hugeuka kuwa kama pumzi ya tanuri: humkausha maji upesi zaidi kadiri anavyoongeza mwendo, na kwa kuwa jasho hukauka kabla hajaliona, haoni kama anapungukiwa mpaka kichwa kinapoanza kumzunguka. Dawa ya bara ni kulifunga jaketi na kuvaa chini yake shati lililoloweshwa maji, lirowekwe tena kila mnapojaza mafuta. Pwani dawa hiyo haifai, kwa sababu hewa ya huko ina unyevu mwingi na shati linabaki limelowa bila kupoza chochote. Kwa hiyo Julai hamna pa kukimbilia, isipokuwa kipande kimoja cha pwani ya mashariki, kutoka Ras al Hadd, rasi ya mashariki kabisa ya Omani, kwenda chini, ambacho hupozwa na kusi. Na hiyo kusi yenyewe ni habari nyingine.

Wasomaji wa Zanzibar, Lamu na Mombasa hawahitaji kuelezwa kusi ni nini. Upepo ule ule unaotuletea bahari chafu mwezi wa Juni na Julai ndio unaovuka bahari na kuipiga pwani hii kwa nguvu zaidi. Kusini mwa Al Ashkharah, mji wa wavuvi kwenye pwani hiyo, barabara hupita ukingoni mwa mchanga, na katika miezi hiyo mchanga hutambaa juu ya lami kama moshi, mahali pengine ukajilundika hata kuifunika nusu ya njia. Miaka kadhaa iliyopita nilipita huko mwezi wa Juni kwa ubishi wangu mwenyewe. Pikipiki yangu ina tangi la lita 15, na kwa kawaida hula lita tano kwa kilomita mia, hivyo nilijihesabia kilomita 300 na nikakipita kituo cha mafuta bila kusimama. Upepo ulinikabili uso kwa uso, pikipiki ikawa inakula lita saba badala ya tano, na kilomita 300 zikageuka kuwa 210. Nilikaa kando ya barabara karibu saa mbili, nimejikinga kwa kivuli cha pikipiki chenye upana wa mkeka, mpaka walipotokea wavuvi wa Kibedui na pikapu yao, wakanifyonzea petroli kwa mpira, wakakataa malipo, na wakanicheka kwa adabu. Mmoja wao aliniuliza kwa nini sikungoja upepo ugeuke.

Swali hilo lilikuwa la haki kuliko alivyojua. Manahodha wa Sur, mji unaoupita kidogo kabla ya kufika Ras al Hadd, walikuwa wakija Zanzibar na Mombasa kwa kaskazi na kurudi kwao kwa kusi, na katikati ya msimu, kusi inapochacha, majahazi yao yalikuwa yamefungwa. Hakuna nahodha aliyepanga safari kwa kuigawa bahari kwa idadi ya siku. Alipanga kwa musimu, na umbali ukajipanga wenyewe. Mpanda pikipiki yuko karibu na hali ya nahodha kuliko ya dereva wa gari, ambaye amefunga vioo na kuwasha kipoza hewa.

Ushauri wangu, basi, ni kwamba waje kati ya nusu ya pili ya Novemba na mwanzo wa Machi. Nakiri kwamba hawatapata kila kitu. Kasa wanaopanda ufukweni Ras al Jinz kutaga huwa wengi zaidi katika miezi ya joto, na msafiri wa Januari anaweza kukaa usiku kucha akamwona mmoja tu au asimwone kabisa. Ndiyo sababu mimi hupendelea Novemba, ambapo joto limekwisha na kasa hawajaadimika mno. Waangalie pia kalenda. Sikukuu ya taifa ni Novemba, na siku hizo kambi za jangwani hujaa familia kutoka Maskati. Ramadhani nayo, miaka hii, inaangukia katika majira ya baridi, na mchana wa Ramadhani msafiri haruhusiwi kula wala kunywa hadharani, jambo ambalo kwa mtu anayepaswa kunywa maji kila saa si dogo.

Jambo jingine ambalo sisi wa ikweta husahau ni kwamba siku za baridi huku ni fupi. Kwetu jua huchomoza na kuzama karibu saa zile zile mwaka mzima, lakini Maskati mwezi wa Desemba huchomoza karibu saa moja kasorobo asubuhi na kuzama kabla ya saa kumi na moja na nusu jioni. Baada ya hapo pikipiki isiwe barabarani nje ya mji. Ngamia wa huku wana wenyewe, lakini hutembea wapendavyo, na usiku rangi yao ni rangi ya nchi. Taa huwaangaza miguu tu, na dereva hugundua kwamba ile miguu ina mwili juu yake akiwa ameshachelewa. Ukiondoa saa ya kupakia mizigo, saa ya chakula na vituo vya njiani, zinabaki saa tano au sita za kuendesha. Hiyo ndiyo siku, nami huanza kupanga kutoka hapo.

Na nikipanga hivyo, Salalah inajitoa yenyewe. Badala yake kuna mzunguko usiofika kilomita elfu moja ambao una pwani, una jangwa, una milima, na unawaachia muda wa kushuka juu ya pikipiki. Ningewashauri waondoke Maskati Jumamosi, kwa sababu nitakayoieleza mbele. Siku ya kwanza wafuate barabara ya pwani hadi Sur, kama kilomita 200, mlima ukiwa kulia na bahari kushoto. Njiani lipo Hawiyat Najm, shimo kubwa la mawe ya chokaa lenye maji ya kijani, ambalo jina lake linasema lilichimbwa na nyota iliyoanguka ingawa kweli ni mwamba uliolika kwa maji ukatitia. Ipo pia Wadi Shab, ambako mtu huvushwa kwa mashua kisha akatembea kati ya kuta za mlima hadi kwenye madimbwi ya kuogelea. Vyote viwili katika siku moja ni vingi; wachague kimoja.

Qalhat wasiipite. Ni magofu ya mji wa bandari uliotajirika kwa biashara ya bahari yetu, uliotiwa katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2018, na unaojulikana zaidi kwa kaburi lenye kuba linaloitwa la Bibi Maryam. Ibn Battuta, baada ya kuzuru Mombasa na Kilwa mwaka 1331, alipanda na chombo mpaka pwani hii, na alipokuwa Sur aliuona mji wa Qalhat kwa macho yake, akaona ni karibu, akaamua kwenda kwa miguu wakati chombo kikizunguka. Kati ya miji hiyo hakuna zaidi ya kilomita ishirini na kidogo. Alifika hoi kwa kiu, miguu imevimba, baada ya kiongozi aliyemkodi kujaribu kumwibia nguo. Ndugu yetu wa Dar es Salaam aisome habari hiyo kila anapoitazama ramani yake.

Siku ya pili ni fupi kwa makusudi: karakana ya majahazi ya Sur asubuhi, kisha Ras al Jinz, ambako ziara ya kasa hufanyika usiku na lazima nafasi iwe imewekwa kabla. Siku ya tatu ni pwani tupu hadi Al Ashkharah, vijiji vya wavuvi, mashua zilizopandishwa mchangani, na vituo vya mafuta vilivyo mbalimbali, kwa hiyo katika kila kituo kinachoonekana wajaze hata kama tangi limepungua robo tu. Kutoka hapo, siku ya nne, barabara inaingia bara kupitia mji wa Jaalan Bani Bu Ali, wenye msikiti wa kuba hamsini na mbili, hadi Bidiyah, mlango wa jangwa la Sharqiya, ambalo wengi wanalijua kwa jina la Wahiba.

Hapa nitakawia kidogo, kwa kuwa ndipo wageni wengi huharibu safari. Jangwa hili lina eneo la kilomita za mraba zipatazo 12,500, na vilima vyake vya mchanga vimepangika kwa safu ndefu za kaskazini na kusini, vingine vikiwa na kimo cha mita mia moja. Kambi ziko ndani, na njia ya kwenda huko si lami. Anayekuja na pikipiki nzito ya barabarani yenye masanduku matatu ya mizigo aiache Bidiyah, akachukuliwe na gari la kambi, na wala asione haya. Aliye na pikipiki nyepesi na mazoezi ya mchanga apunguze upepo wa tairi, aingie mapema asubuhi kabla mchanga haujapata joto na kulegea, asimame juu ya vikanyagio, uzito wake auweke nyuma, na asipunguze mafuta kwa hofu usukani unapocheza, kwa kuwa tairi la mbele huzama pale mwendo unapokufa. Lakini upepo usipunguzwe kupita kiasi katika tairi zenye mpira wa ndani: tairi likilegea sana huzunguka lenyewe juu ya rimu, likauvuta mpira na kuing'oa valvu, na hiyo ni pancha isiyozibika. Pampu ndogo ya kutumia betri ya pikipiki iwe mzigo wa kwanza kupakiwa, kwa maana ukirudi kwenye lami na tairi laini umejitafutia balaa la pili.

Kitu kingine cha kupakia hakina thamani hata ya chupa ya maji, nacho ni kibao cha mbao au bati cha ukubwa wa kiganja, cha kuweka chini ya stendi ya pembeni. Pikipiki ya mwenzangu ilisimama vizuri kabisa mbele ya hema mpaka tulipoketi kunywa kahawa. Stendi ikazama polepole, ikaanguka juu ya ile iliyo jirani, na tukatumia alasiri nzima kunyoosha mkono wa klachi. Cheni nayo isipakwe grisi nzito kabla ya kuingia mchangani, kwa sababu hugeuka kuwa msasa, na chujio la hewa, ambalo mafundi wetu huliita eya klina, likaguliwe jioni ile ile. Pwani adui ni umande wa usiku, ambao asubuhi huacha utando wa chumvi juu ya kila chuma. Maji matamu kidogo na kitambaa vinatosha. Na popote waonapo uwanda mweupe uliotandazika kama sakafu, wakae mbali nao: ni sabkha, ardhi ya chumvi yenye gamba kavu juu na tope chini, na pikipiki ikilitoboa gamba hilo haitoki kwa mikono ya watu wanne.

Siku ya tano iwe ya kupumzika huko huko vilimani. Ya sita waende Nizwa kupitia Ibra. Ibra na Mudhayrib ndiko walikotoka wengi wa jamaa zetu wenye asili ya Sharqiya walioishi Zanzibar, na mzee anayeketi barazani akisikia Kiswahili anaweza kuwazuia kwa kahawa na tende hadi mpango wote wa siku uharibike, kwa hiyo waondoke Bidiyah mapema. Ikiwa walianza safari Jumamosi, usiku wa kulala Nizwa utakuwa wa kuamkia Ijumaa, na alfajiri ya Ijumaa ndipo lilipo gulio la mifugo chini ya ngome, mbuzi na ng'ombe wakizungushwa kwa kamba huku wanunuzi wakipandishiana bei. Baada ya gulio kuna ngome yenyewe, na baada ya sala, kilomita 165 hivi za barabara pana hadi Maskati.

Yamebaki mambo machache nisiyopenda kuyaacha. Huku magari hupita upande wa kulia, na mtu wa Afrika Mashariki hakosei barabarani bali hukosea asubuhi anapotoka kituo cha mafuta kukiwa kumetulia, au anapofika kwenye kipilefti, ambayo hapa jina lake lenyewe linadanganya, kwa kuwa unaizunguka ukishika kulia. Leseni ya kimataifa iwe na daraja la pikipiki, na mkataba wa kukodi usomwe hasa pale panapotaja njia zisizo za lami, ambazo bima nyingi hazizigusi. Mvua ikinyesha milimani, hata kama walipo wao ni jua, wasivuke bonde lenye maji. Ni kosa la jinai, na ni kifo cha kawaida cha nchi hii. Mafuriko ya Aprili 2024 huko Sharqiya yaliua watu kadhaa, wakiwemo watoto wa shule, katika mabonde ambayo siku iliyotangulia yalikuwa makavu.

Kuhusu Salalah, iwapo moyo wao umeshika khareef na hautaki kuachia, kuna ndege kutoka Maskati, na wakipata pikipiki ndogo ya kukodi huko huko wanaweza kuzunguka Mirbat na milima ya Dhofar wakiwa wamevaa makoti ya mvua. Hiyo ni safari nyingine, ya mwezi mwingine, na wala haina jangwa la kuvuka.

Wako,
Mwendesha pikipiki wa Unguja,
Maskati, Omani